Wimbo wa Kumtoa Mwangangi

Lenox alipokuja kuniomba nimwimbie kwenye simu yake, mimi nilifikiri ameanza kuokoka.

Nasafisha jimu moja hapo Hurlingham, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Ni mahali pa kufundishia ngumi na mateke, ule mchezo wanaouita kickboxing. Naingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, napiga deki kabla hawajakanyaga, kisha napangusa yale magunia ya kupiga, kwa sababu jasho likikauka juu yake linanuka siku tatu. Saa mbili wanaanza kufika. Lenox hufika wa kwanza. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, na ana jina. Akitembea barabarani watu wanamwomba wapigwe picha naye. Lakini kwangu alikuwa mpole tangu mwanzo. Akikuta sakafu haijakauka anangoja mlangoni.

Kwa miaka minne jina lake lilikuwa katika daftari la maombi la ushirika wetu wa akina mama kule Kabiria. Mimi ndiye niliyeliandika. Kwa hiyo asubuhi ile alipokuja na simu mkononi, moyo wangu uliruka kidogo.

"Mathe," akasema, maana ndivyo vijana wa siku hizi wanavyosema mama, "ule wimbo yako ya kila siku. Niimbie nirekodi."

"Upi?"

"Ule wa kudeki."

Sikuwa hata najua kwamba naimba. Nilisimama na kijiti cha deki nikajaribu kukumbuka nilikuwa nikiimba nini, na nilipokumbuka nikaona haya. Ulikuwa wimbo wa Mwangangi.

Mwangangi ni mume wangu. Alifariki miaka saba iliyopita, ugonjwa wa figo. Siku tuliyokwenda kumtoa mochari, wamama wa ushirika walianza kuimba nyimbo za kitabuni, lakini sauti zikawakwama mmoja baada ya mwingine mpaka pakawa kimya, na jeneza lilikuwa bado mlangoni. Mimi nikafungua mdomo. Maneno yakatoka kwa Kikamba, na sikuwa nimekaa chini kuyatunga. Kwa Kiswahili ni kama kusema: fungueni njia, mwenyewe anapita, ametembea, amechoka, sasa abebwe. Wamama wakaitikia, tukatembea mbele yake hadi kwenye gari.

Tangu hapo ndio wimbo wetu wa kumtoa mtu. Hata Wangeci, ambaye ni Mkikuyu wa hapo hapo Kabiria, anauimba Kikamba kama aliyezaliwa Mbooni huko Ukambani. Una kanuni moja tu, nayo tunaishika: ukishaanzishwa hauachwi mpaka jeneza liwe ndani ya gari na mlango umefungwa. Siku ya kumtoa babake Ndanu, mwenzetu wa ushirika, mlango wa gari ulikataa kufunguka, akatafutwa fundi. Tuliimba dakika arobaini tumesimama juani. Hakuna aliyenyamaza.

Sasa Lenox anautaka. Mimi nikajiambia, mtu akianza kupenda wimbo wa mazishi, ameanza kufikiria mwisho wake, na hapo ndipo wengi wetu tulianzia. Nikaweka kijiti chini, nikajifunga kitambaa vizuri, nikamwimbia wote. Alifunga macho. Alipofungua alisema asante mara mbili.

Sikumuuliza kama anajua ni wimbo wa nini. Hapo ndipo nilikosea.

*

Miezi ikapita. Jumamosi moja nilikwenda mjini kuchukua vitambaa vyeupe vya kichwa vya ushirika, na nikirudi nikapitia barabara ya Luthuli, pale kwenye maduka ya redio na televisheni. Duka moja lilikuwa limeweka televisheni kubwa mlangoni na watu wamesimama kuangalia. Mimi sikuwa na haja ya kuangalia. Nilikuwa nikipita. Nikasikia mtu akiimba kwa Kikamba, na nilichukua hatua kama nne mbele kabla sijajua kwamba ni mimi.

Nilirudi. Pale kwenye televisheni palikuwa na ukumbi wenye giza, taa nyekundu, moshi, na Lenox anatembea polepole amejifunika kofia ya joho. Sauti yangu ilikuwa imewekewa ngoma chini yake, ngoma nzito kama mtu anagonga tangi. Fungueni njia, mwenyewe anapita. Watu wamenyoosha mikono kumgusa. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Huyo ni Lenox," mwanamume aliyekuwa kando yangu akaniambia, kana kwamba nimemuuliza. Alikuwa amebeba soksi za kuuza begani. "Hii ni ile ya mwezi uliopita. Hiyo wimbo ikilia tu, jua kuna mtu atalala."

"Atalala wapi?"

Alinitazama. "Chini, mathe. Atalala chini."

Lenox alipoinama kuingia ulingoni, wimbo ukakatwa. Ulikatwa hivi hivi, kama mtu anazima taa, kabla ya neno la kuchoka, kabla ya neno la kubebwa. Halafu akaja refa, halafu kengele. Kijana aliyepigana naye alianguka katika raundi ya pili, na watu wa pale dukani wakapiga makofi. Nilitembea mpaka steji ya matatu nikaipita. Mpaka leo sijui nilivyofika Kabiria.

Jumatano tulikutana nyumbani kwa Wangeci. Nilikuwa nimepanga kuwaambia mwenyewe, lakini Ndanu alinitangulia. Mwanawe alikuwa amemwonyesha kwenye simu. Ndanu ni mwenzangu wa tangu ujana, tuliolewa Nairobi mwaka mmoja, na hana kona kona.

"Nzula," akasema kabla ya maombi ya kufungua, "huyo kijana mnamzika akiwa hai?"

"Mimi na nani?"

"Wewe na sauti yako."

Niliwaeleza. Wengine walicheka nilipofika mahali pa kuokoka, lakini si kwa ubaya.

"Kwani kuna ubaya gani?" Wangeci akauliza, anamimina chai. "Wimbo ni mtamu. Hawa watu wa kupigana wote huingia na wimbo. Mjukuu wangu ananiambia mmoja huingia na king'ora cha ambulensi. Afadhali huyu ameingia na Mungu."

"Hajaingia na Mungu, ameingia na jeneza," Ndanu akasema. "Lakini si hiyo inanisumbua. Nzula, ulisikia ukikatwa wapi?"

"Nilisikia."

"Umekatwa njiani. Mtu ameanza kutolewa na hajafikishwa. Mara ngapi sasa?"

"Mara mbili, nadhani."

Wangeci alikuwa amesimama na birika. Sisi si watu wa kuogopa mambo ya giza, tumeokoka, lakini kanuni ni ile, na kila mmoja wetu alikuwa amemtoa mtu wake kwa wimbo ule. Nilijaribu kujiuliza naogopa nini hasa. Kwamba Lenox atakufa? Kwamba Mungu amekasirika? Nilichojua ni kwamba wimbo ule ulimbeba Mwangangi, na sasa uko mahali ambapo watu wanaulipia tikiti, na mimi ndiye niliyeutoa kwa mkono wangu.

"Utamwambia," Ndanu akasema.

"Nitamwambia."

*

Nilimwambia Alhamisi asubuhi. Alikuwa anajifunga bendeji mikononi, na kocha wake, Ogutu, ameketi juu ya benchi anasoma simu. Ogutu ni mtu mnene mwenye sauti ndogo, na huwa anasikia hata yale asiyoambiwa.

Nilianza na kumuuliza Lenox kama anajua ule wimbo unasema nini.

"Najua. Niliuliza Mwololo." Mwololo ni mlinzi wa chini, ni Mkamba wa Kitui. "Aliniambia inasema fungueni njia, mwenyewe anapita. Mathe, hiyo laini ya wimbo iliniua. Mimi ndiye mwenyewe."

"Hakukwambia mengine?"

"Alisema mengine ni ya kuchoka choka. Hiyo sikuitaka."

Mwololo si wa kanisa letu. Hakuwa na namna ya kujua tunauimba wapi. Nikamweleza Lenox polepole: mochari, jeneza, kutembea mbele, gari, mlango. Nikamwambia kuhusu Mwangangi. Nikamwambia kwamba yeye anatembea mahali pa jeneza. Nilimtazama usoni nikingoja ashtuke, na kweli kwa muda mfupi mikono yake iliacha kufunga bendeji.

Halafu Ogutu akacheka.

"Ngoja, ngoja. Ni wimbo wa kuzika?"

"Wa kumtoa mtu mochari," nikasema.

"Lenox, umesikia? Sisi tumekuwa tukiimba mazishi na hatujui." Alikuwa ameshasimama. "Basi tumzike Wahome."

Wahome ndiye waliyekuwa wakijiandaa kupigana naye, wiki mbili mbele, kugombea mkanda wa ubingwa. Lenox naye akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa kichwa chote nyuma. Mimi nilikuwa katikati yao na ndoo yangu. Nilikuja kumwogopea mtu mmoja, na sasa nilikuwa na wawili.

Ogutu alikuwa akihesabu kwa vidole. Kuna fundi wa majeneza anamjua. Jeneza dogo, jeusi. Watu wanne wenye suti na miwani. Jina la Wahome ubavuni. Lenox anatembea nyuma yake kama mfiwa, sauti ya mathe inalia, mtangazaji anawaeleza watu ni wimbo wa nini. "Watu watakufa na hiyo," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuingia hivyo hii Kenya."

"Msifanye hivyo," nikasema.

"Mathe, ni mchezo," Lenox akasema. Alisema kwa upole. "Ni kumtoa Wahome akili tu. Kila mtu hufanya. Yeye mwenyewe mwaka jana aliingia na mbuzi, alimwita jina langu."

"Mfanye na wimbo mwingine."

Alitazama mikono yake. "Na ile mingine nimepigwa mara tatu," akasema. "Na hii yako sijapigwa. Sijui ni nini. Ikianza, miguu yangu inatulia. Nikiingia na kitu ingine Jumamosi hiyo, nitakuwa nimeshapigwa hapo mlangoni."

Ogutu akaongeza, "Na sauti iko kwa simu. Si kitu yako tena, mama, na heshima."

Mimi niliacha shule darasa la saba, na mambo ya nani ni mwenye sauti sijui yanaandikwa wapi. Nilichukua ndoo nikaenda kumwaga maji. Lakini nikiwa pale chooni maji yakizunguka nikaona kwamba kuna jambo moja lisilo la simu. Nikarudi.

"Lenox," nikasema. Huwa simwiti jina. "Mkileta jeneza, huo si mchezo tena kwetu. Mimi nitakuja. Mahali mtakapoukata, nitauchukua, na sitaunyamazia mpaka sanduku liwe ndani ya gari. Hiyo ndiyo kanuni. Sikutishi. Nakwambia mapema ili usishangae."

"Karibu," Ogutu akasema. "Tutakupatia kiti."

*

Na kweli walitupatia viti. Saba, mstari wa tatu.

Ilikuwa saa tisa ya mchana, katika ukumbi mmoja katikati ya jiji ambao asubuhi ya Jumapili hukodiwa na kanisa. Nilikuwa nimewahi kuabudu pale. Hilo lilizidi kunichanganya, kwa sababu miguu yangu ilijua mlango na choo kilipo, lakini pale madhabahu yalipokuwa palikuwa na ulingo. Tulivaa vitambaa vyetu vyeupe. Ndanu alikuwa kulia kwangu na Wangeci kushoto. Watu walituangalia wakadhani sisi ni sehemu ya onyesho, na kijana mmoja akatuuliza tunacheza na nani.

"Tumekuja kwa mazishi," Ndanu akamjibu, naye akacheka sana.

Mbele yetu, mstari wa kwanza, alikuwepo mwanamke wa rika langu mwenye mkoba magotini. Hakuwa akiongea na mtu. Nilijua ni mamake Wahome kabla Wangeci hajaninong'oneza. Wakati mwanawe alipoingia, na wimbo wake wa kelele na vijana wakiruka ruka nyuma yake, yule mama hakumwangalia usoni. Alimwangalia miguu, kama tunavyowaangalia watoto wakiwa wanaanza kutembea.

Kisha taa zikazimwa. Mtangazaji akasema, kwa ile sauti yao ya kuvuta, kwamba leo kuna maziko, na wimbo mtakaousikia ndio Wakamba huwatoa nao wafu wao mochari. Watu wakapiga mayowe ya furaha. Na sauti yangu ikaanza.

Jeneza lilikuja kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa jeneza, nilikuwa nimeomba siku nzima, lakini sikuwa nimejiandaa kwa vile ambavyo lilifanana na la kweli. Fundi wa Ogutu hakufanya utani. Lilikuwa na vishikio vya shaba. Wanaume wanne walilibeba mabegani, na ubavuni karatasi nyeupe, WAHOME. Lenox alitembea nyuma, kichwa chini. Watu walikuwa wakicheka, wakirekodi. Mamake Wahome alifungua mkoba wake, akatafuta kitu ndani, akaufunga. Akaufungua tena.

Fungueni njia, ilisema sauti yangu. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilisikia raha. Ilikuwa nzuri. Ilijaza ukumbi wote. Nilielewa miguu ya Lenox, mbona inatulia. Sijui kama nilipaswa kuelewa.

Alifika kwenye kamba za ulingo. Akainama. Wimbo ukakatwa.

Nikasimama. Nilikuwa nimefikiri sauti haitatoka, maana mtu hawezi kushindana na spika za namna ile, lakini spika zilikuwa zimezimwa, na nilipofungua mdomo kulikuwa na nafasi. Nikachukua palepale. Mwenyewe anapita. Wamama wakasimama wakaitikia. Ametembea. Sauti saba si nyingi, lakini zimezoea kuimba nje, penye magari.

Mwanzo watu walishangilia. Walidhani ni mpango. Mtangazaji naye akainua kipaza sauti, akakishusha. Amechoka. Tulirudia mara ya pili, ya tatu, na kelele zikaanza kupungua upande mmoja wa ukumbi, halafu upande wa pili. Na nikaona jambo ambalo bado nalifikiria. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango alivua kofia. Aliyekuwa karibu naye akasimama. Nadhani hawakuamua. Ni mazoea tu. Jeneza liko mbele yako, wamama wa vitambaa wanaimba, unasimama, hata kama umelipa tikiti kuona ngumi. Wakasimama mstari kwa mstari. Mamake Wahome alikuwa amesimama kitambo.

Mle ulingoni Lenox na Wahome walikuwa kila mtu kwenye kona yake. Refa alitazama upande wa kengele. Wale wanne walikuwa wamesimama chini ya ulingo na jeneza mabegani, hawajui waliweke wapi, na mmoja wao miwani ilikuwa imemteleza hadi puani.

Ogutu akaja kwetu, ameinama kama mtu anayepita mbele ya televisheni. "Mama, inatosha. Mama Nzula. Wamependa. Sasa kaeni."

Sikumjibu kwa sababu nilikuwa naimba. Ndanu, ambaye huweza kuongea katikati ya kuitikia bila kupoteza mahali, akamwambia, "Tafuta gari."

"Gari gani?"

"Mlilileta na nini?"

Ogutu akageuka kumtazama Lenox. Nami nikamtazama. Lenox alikuwa ameshika kamba ya juu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa mahali asipolala. Hakuwa amekasirika. Alitutazama, akatazama lile sanduku, kisha akawaashiria wale wanne kwa mkono wenye glavu: nje. Litoeni nje.

Basi tukafanya kama tunavyofanya. Tulitoka kwenye viti, tukashika mbele, wanaume wakafuata na jeneza, polepole, na watu wakafungua njia. Wengine walikuwa bado wanarekodi lakini mikono ilikuwa imeshuka. Tulipita mlangoni, tukashuka ngazi, tukatoka juani, wauzaji wa maji na mahindi wakatupisha. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya ukuta. Sasa abebwe. Wakalisukuma ndani. Mmoja akainua ule mlango wa nyuma, ukagonga, akasokota komeo. Nikanyamaza.

Mji ulikuwa na kelele zake za kawaida. Nyuma yetu, ndani, kengele ikalia.

Yule wa miwani alikuwa akijipangusa shingo. "Mathe," akaniuliza kwa sauti ya chini, "si unajua mle ndani hakuna mtu?"

"Najua."

"Sasa tumemtoa nani?"

Nilitazama wenzangu. Ndanu alikuwa anafunga kitambaa upya. Wangeci alikuwa analia, naye Wangeci hulia kwa harusi pia, kwa hiyo hilo halikunisaidia. Nilitaka kumwambia yule kijana kwamba tumemtoa Mwangangi, kwamba tumemtoa pale ndani kwa watu. Lakini Mwangangi alitolewa miaka saba iliyopita na akafika salama. Nikamwambia sijui.

*

Jumatatu nilikwenda kazini nikiwa nimejiandaa kuambiwa nisirudi. Nilipiga deki bila kutoa sauti. Ogutu alifika, akapita kwenye maji, akaenda ofisini akafunga mlango.

Lenox alikuja mwisho, siku hiyo, na mdomo umevimba upande mmoja. Nilikuwa nimeshasikia kwa Mwololo: amepigwa kwa pointi. Mkanda uko kwa Wahome. Alikaa kwenye benchi akaniangalia nikifanya kazi, na mimi nikaendelea nayo kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Unajua alifanya nini?" akasema mwishowe. "Wahome. Kengele imelia, tumegusana glavu, akaniuliza, 'Nani amekufa?' Hakuwa ananichokoza. Alitaka kujua."

"Ukamwambia nini?"

"Nilikosa jibu. Raundi mbili nzima natafuta jibu, na yeye ananipiga mateke ya mguu."

Nilisema pole. Nilikuwa namaanisha, ingawa nilikuwa nimesimama kuimba kwa makusudi, na ningesimama tena. Hayo mawili sijaweza kuyapatanisha. Nilimwambia hivyo pia, kwa kuwa sikuona faida ya kumficha.

Akatoa simu, akanionyesha. Sioni vizuri vitu vidogo, lakini alinielekeza kwa kidole mahali wimbo ulipokuwa, na haukuwepo. "Nimefuta. Hata kwa dijei nimeambia afute. Haikuwa yangu."

"Asante, Lenox."

"Lakini mathe, sasa niingie na gani?" Aliuliza kama mtu anayeuliza dawa. "Kuna mechi nyingine Agosti. Lazima uingie na kitu. Huwezi kutembea tu hivyo."

Nikaegemea kijiti nikafikiri. Nilizipitia zote ninazozijua. Tuna wimbo wa kumpokea mgeni, tuna wa mavuno, wa kumpeleka mtoto mbele akaombewe, wa bibi harusi akiwa langoni kwao, wa mtoto anayekwenda bweni na sanduku lake la bati. Nilijaribu kumvika kila mmoja. Hakuna hata mmoja uliotungwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kumpiga mtu ambaye hajamkosea. Sikujua kama ni kwa sababu hautakiwi kuwepo, au kwa sababu hakuna mama aliyewahi kuulizwa.

"Sijui," nikamwambia. "Nipe mpaka Jumatano niwaulize wamama."